Wikiendi Ndefu Ngamiani

Kalenda yetu haimbembelezi mfanyakazi. Sikukuu ikiangukia Jumapili imeliwa. Hakuna Jumatatu ya kufidia kama wanayopata jirani zetu wa Kenya. Ikiangukia Jumatano inaipasua wiki katikati na haimfikishi mtu popote. Ndiyo maana kila mwaka kalenda mpya ikibandikwa ofisini kwa walimu, mimi huwa wa kwanza kusogea ukutani kutafuta tarehe zangu: 26 Aprili, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba. Pasaka ina uhakika wa siku nne, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, lakini Pasaka ni ya kanisa na ya wazazi. Tena mara nyingi huja na masika, na masika si wakati wa kwenda kutandikiwa mkeka uani kwa watu.

Safari hii Nyerere Dei iliangukia Jumatatu. Oktoba pwani ni mwezi mzuri kuliko yote, nitabishana na yeyote. Kusi imechoka, kaskazi haijaingia, vuli inajivutavuta, bahari imetulia na jua linawaka tangu saa moja asubuhi. Nikampigia shoga yangu wa Tanga.

"Njoo," akasema. "Ila usije na soda. Bibi anataka mchele."

Huyu tulisoma naye Chuo cha Ualimu Korogwe, vitanda vyetu vikitazamana. Mimi nikapangiwa Morogoro nikaota mizizi. Yeye akaolewa Tanga, na sasa anaishi Ngamiani katika nyumba ya mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Mumewe, shemeji yangu, ni karani bandarini.

Walimu wenzangu waliposikia ninakokwenda walicheka. Tanga kuna nini siku hizi? Viwanda vilishakufa, mji umelala, bora Unguja au hata Bagamoyo. Maneno haya nimeyasikia miaka mingi, na nimegundua kwamba wengi wanaoyasema walifika Tanga saa saba mchana. Mji wenyewe una usemi wake maarufu, "waja leo waondoka leo", na wao waliufuata ulivyo: wakashuka kwenye basi, wakazungushwa mjini na bajaji kwenye joto, wakakuta maduka mengi yamerudishia milango na watu hawaonekani, jioni wakakata tiketi ya kurudi. Hawajaongopa kusema mji umelala. Saa hiyo kweli umelala, kwa sababu uliamka saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa na mwenyeji hutafika saa saba ukaachwa barabarani. Utaamshwa.

Kutoka Morogoro unapita Chalinze, unavuka Wami kwenye daraja jipya, unapita Mkata na Kabuku hadi Segera. Hapo njia inagawanyika: wa Moshi na Arusha wanaendelea na njia yao, wa Tanga tunageukia baharini. Mbele kidogo, kuanzia Hale, mkonge unaanza kuonekana pande zote mbili, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mmea huu si wa kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, ikapitia Ujerumani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa singa za mkonge wakati wa Uhuru. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, na makorona mengi, vile viwanda vya kuchakata mkonge, yakabaki magofu.

Nisingeyajali sana haya kama si marehemu mume wa Bibi. Alikuwa Mngoni wa Songea, akaletwa na malori akiwa kijana kukata mkonge Muheza, mmoja wa manamba waliotoka kusini, Kigoma, Msumbiji na hata Burundi. Mkataba ulipokwisha hakurudi. Alishuka mjini, akamwoa binti wa Kidigo, akajenga. Nyumba ninayolala nikienda Tanga ni ya mkonge, Bibi husema hivyo, ingawa imejengwa kwa mawe na udongo na kupigwa chokaa.

Ngamiani hapotei mtu. Ni mtaa mpana na tambarare, umepangwa kwa mistari, na barabara zake hazina majina ya viongozi, zina namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka zaidi ya ishirini. Unamwambia mwenye bajaji namba, anakupeleka. Ukifika unamuuliza aliyekaa barazani, naye anakutajia nyumba pamoja na habari za wenyewe ambazo hukuziulizia. Nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kwenye jiko, kisima na mnazi mmoja au miwili. Mchana milango ya mbele na ya uani ikiachwa wazi, upepo wa baharini unapita ukumbini moja kwa moja. Hakuna feni inayofua dafu mbele ya ukumbi uliojengwa vizuri.

"Hodi!"

"Karibu mwenyewe, karibu! Umekuja na mchele?"

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mchele?"

Nilikuwa nao, wa Kilombero, kilo kumi. Hapa niseme jambo kwa wale wanaofikiria kwenda kwa rafiki wikiendi ndefu. Kula ya watu watatu wanne zaidi kwa siku tatu ni mzigo kwa nyumba yoyote, na mwenyeji wa pwani hatakwambia hata ukimbana. Ukimpa hela mkononi mbele ya watu umemwaibisha. Beba kitu kinachotoka kwenu, ambacho kwao ni ghali au hakina ladha: mchele kutoka Kilombero au Kyela, maharage ya nyanda za juu, zabibu za Dodoma, viazi vya Lushoto kama unapita njia hiyo. Kwa bibi wa nyumba, doti ya kanga, na soma maandishi yake kabla hujailipia, kwa sababu yeye atayasoma. Kisha siku ya kwanza ingia jikoni bila kuombwa. Wenzetu wanasema siku ya tatu ndipo mgeni hupewa jembe, lakini kwa Bibi mbuzi ya kukunia nazi huletwa siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Shoga yangu aliniamsha gizani, adhana ya alfajiri ikiwa imetoka muda si mrefu. Tukajifunga kanga, tukachukua kikapu, tukapanda baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, umbali ni mfupi, na hata wazee wenye kanzu na akina mama wenye mabuibui wanaendesha bila haraka, kengele zikilia. Mimi nilikalia kiti cha nyuma. Hata wao asubuhi hawapendi kuona mtu wa bara akijifunza barabarani.

Samaki wa jumla hushushwa Deep Sea, karibu na bandari. Kabla jua halijachomoza vizuri pale panakuwa na kelele zote ambazo wenzangu wa Morogoro wanadai Tanga haina. Mashua na ngalawa zinasogea, vijana wanaingia majini mpaka kiunoni, ndoo na matenga yanapanda kichwani. Samaki wanamwagwa sakafuni kwa mafungu na mnadi anaanza kupandisha bei, mdomo haupumziki, macho yanasoma ukope wa mchuuzi aliyesimama nyuma ya watu watatu. Mnunuzi wa mafungu makubwa ni mchuuzi wa baiskeli, ambaye saa moja baadaye atakuwa Makorora au Mikanjuni akipiga honi. Mama karanga naye ananunua vibua na dagaa wa kukaanga. Sisi wa kitoweo cha nyumbani tunasubiri pembeni, kwa sababu ukijitia kwenye mnada bila kujua utauziwa tenga zima la taa.

Dagaa siku ile walikuwa wachache na bei imesimama. Nilidhani ni sikukuu. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga nyavu akaniambia mwezi ulikuwa unaelekea kujaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: chombo kinawasha taa, samaki wanaifuata, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikitawala bahari yote, taa ya mvuvi haina cha kuvutia, hivyo siku hizo vyombo vingi vya dagaa hupumzika, watu wanashona nyavu na kuziba nyufa. Kwa hiyo bei ya dagaa sokoni inafuata mwezi, na mama mwenye nyumba wa Ngamiani anajua mwezi umefika wapi hata akiwa hajatoka nje.

Shoga yangu alichagua changu watatu. Alimtazama kila mmoja usoni kwanza. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Likizama, huyo amelala kwenye barafu. Akafunua matamvua, yawe mekundu, si ya udongo. Akabonyeza tumbo kwa kidole. Muuzaji hakununa, alimsaidia kumgeuza.

Maji ya eneo hili yana samaki mwingine asiyefika mnadani, na shemeji hamwachi mgeni aondoke bila kusimuliwa habari zake. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba silikanti alitoweka duniani pamoja na madinosaria, mpaka mwaka 1938 mmoja aliponaswa Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani ya Tanga, waliokuwa wakitega jarife kwenye maji marefu kutafuta papa, wakaanza kuwapata hao silikanti, wakubwa, wenye mapezi manene yaliyotokeza mwilini. Kwa ajili yao, mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kusini mwa mji. Bibi alipowasikia mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: wanalika? Hawaliki, nyama yao ni mafuta matupu. Akapoteza hamu.

Tuliporudi, Bibi alikuwa ameshachagua nazi. Pwani hapana nazi tu. Pana dafu la kunywa, pana koroma ambalo nyama yake imeanza kukaza lakini haijatoa tui, pana nazi yenyewe, na pana mbata iliyokauka ya kukamulia mafuta. Mtoto wa miaka sita wa nyumba ile anaitikisa nazi sikioni na kukwambia ni ipi. Nilikalia mbuzi, nikakuna. Nazi iliyokunwa ikatiwa maji kidogo ya vuguvugu, ikakamuliwa kwenye kifumbu, likatoka tui zito. Machicha yakatiwa maji tena, likatoka jepesi. Wageni wengi hukosea hapa, wanachanganya yote chunguni mara moja. Samaki, nyanya, bizari na ndimu huivia kwenye tui jepesi. Lile zito hungojea mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na upawa unakoroga bila kusimama mpaka lichemke mara moja, basi. Ukikaa kuzungumza, tui linakatika: mafuta juu, maji chini, na Bibi hasemi kitu, anasogeza tu kigoda chake karibu na jiko.

Mchuzi ule haukuliwa kwa mchele wangu. Mchele uliwekwa kabatini, akiba ya Maulidi. Tulikula bada, ugali wa unga wa muhogo mkavu, wa rangi ya udongo, unaovutika na kuteleza. Mtu wa bara anautafuna, anashangaa kwa nini haupungui mdomoni. Bada humezwa. Unaumega, unauchovya, unauacha upite. Kwa kisamvu cha nazi na kipande cha papa mkavu ni chakula cha kumfanya mtu asahau kwamba ana kazi Jumanne.

Ikafika saa saba. Milango ya maduka ya Ngamiani ikaanza kurudishiwa, redio zikapunguzwa, mikeka ikatandikwa ukumbini kwenye njia ya upepo. Jua la saa hiyo ni la kichwani, kivuli cha mnazi kiko chini ya mnazi wenyewe. Mvuvi alilala kwa saa mbili tu usiku uliopita, mama karanga amekaa kwenye moto tangu alfajiri, mchuuzi amemaliza matenga yake. Nani angebaki barabarani, na kwa kazi gani? Nililala usingizi ambao Morogoro siupati hata nikiugua.

Saa kumi mji unaamka mara ya pili, na hii ndiyo asubuhi ya barazani. Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi, kashata za karanga kwenye sahani. Wanaume wanacheza bao. Mada ya barazani kwetu haibadiliki sana: Coastal Union. Mwaka 1988 timu hii, Wagosi wa Kaya, ilitwaa ubingwa wa ligi ya nchi nzima, na shemeji, aliyekuwa mtoto wakati huo, anaweza kukutajia kikosi kile mstari kwa mstari, huku jirani yake, shabiki wa African Sports, akikohoa kwa makusudi kila baada ya jina. Bibi yeye miaka yake ya dhahabu ni ya nyuma zaidi, ya taarabu, wakati vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipokuwa vikigawana mji na watu wakigombana kweli kwa ajili yake. Alimsikia mwimbaji Shakila akiwa bado msichana, anasema, na hiyo inamtosha. Waimbaji wa sasa wanapiga kelele tu.

Jioni hiyo shemeji alinitembeza Raskazone kwa baiskeli, mimi sasa nikiwa na yangu. Njia inapita karibu na hospitali ya Bombo, yenye jengo lake la zamani la Kijerumani juu ya mwamba, kisha inaingia kwenye miti mikubwa na nyumba za wakubwa wa zamani. Upande mmoja unaiona ghuba yote, na katikati yake Kisiwa cha Toten, kimefunikwa na vichaka juu ya magofu ya misikiti na makaburi.

Hapa Raskazone ndipo Waingereza walipotua Novemba 1914. Walikuja na meli kutoka India, askari wapatao 8,000, wakidhani mji hauna mtu wa kuulinda. Mjerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu karibu 1,000, wengi wao askari Waafrika, aliowavuta upesi kwa reli kutoka upande wa Moshi. Reli hiyo ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Isingekuwepo, vita vingekwisha asubuhi moja. Mapigano yalipopamba moto vichakani na katikati ya nyumba, nyuki wa porini waliochokozwa na risasi wakatoka mizingani na kushambulia kila aliyekuwa mbele yao. Waliumwa wa pande zote, lakini Waingereza walikuwa wengi zaidi na walikuwa wanarudi nyuma. Wakakimbilia majini, wakaacha bunduki kwa mamia, bombomu, na risasi laki kadhaa ambazo von Lettow alizitumia dhidi yao kwa miezi mingi. Baadaye ikavumishwa Uingereza kwamba Mjerumani aliwatega nyuki hao. Shemeji husimulia haya akiwa amesimamisha baiskeli chini ya mbuyu, na kila mwaka nyuki wanaongezeka.

Tuliogelea mpaka jua likazama nyuma ya mji. Akina mama wa Ngamiani huingia majini na madera yao, maji yakiwajaa nguoni, wakicheka. Mimi pia.

Jumapili baada ya ibada niliomba nipelekwe Machui, upande wa barabara ya Pangani. Katika kitongoji cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert, 1 Januari 1909, na huko ndiko alikozikwa alipofariki mwaka 1962. Nilisoma Kusadikika nikiwa sekondari, kwenye kitabu kisicho na jalada, na hapakuwa na mwalimu aliyetuambia kwamba mwandishi yule alikuwa mtu wa mahali unapoweza kufika kwa bodaboda. Shemeji hupenda kuongeza kwamba miaka mingi Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Analisema hilo kwa sauti ya mtu anayeshiriki utukufu. Ukienda, vaa kiheshima na ubishe hodi kwanza, kwa sababu mahali pale ni kijijini kwa watu, watoto wanacheza na mihogo imeanikwa.

Mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Horohoro, nitayasema kwa ufupi kwa sababu kila kijitabu cha utalii kinayaanza. Nenda, lakini na viatu vya kufunga, si ndala. Ni mwamba wa chokaa uliochimbwa na maji, una vyumba vikubwa, popo, na chumba cha mizimu ambamo watu huacha sadaka zao mpaka leo. Mtembezaji atakwambia kuna njia inayotokea Mombasa. Waliopima wanasema pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Shoga yangu, ambaye ni Mbondei na anaheshimu mizimu ya watu, hubaki nje na chupa ya chai.

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali na wanawake wenye ndoo walikuwa wameinama kwenye miamba wakitafuta pweza. Tulikunywa chai na vitumbua, na mazungumzo yakageukia kodi za vyumba. Ng'ambo ya ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, urefu wa kilomita 1,443. Bandari nayo imechimbwa. Zamani meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba na mizigo ikaletwa kwa matishari, sasa zinafunga gatini, na kazi ya shemeji iliyokuwa ya kungojea imekuwa ya kukimbia. Wageni wameongezeka. Chumba ambacho jirani alikuwa akimpangishia mwalimu mwenzetu kimepanda bei, mwalimu amehamia Pongwe. Nilimuuliza Bibi kama haoni ni heri mji ukichangamka.

"Mwanangu, uchangamke," akasema. "Lakini hao vijana wa bomba wanafanya kazi mchana kutwa juani. Watakufa."

Nilifungashiwa. Nazi kumi na mbili, hiliki na pilipili manga za Amani, papa mkavu aliyefungwa kwa magazeti mengi yasiyosaidia kitu. Stendi ya Kange konda alinusa, akatoza mzigo kama abiria. Shemeji akabishana naye kwa upole wa Kitanga, akimwita "kaka yangu" kila sentensi, mpaka bei ikashuka nusu.

Kiti cha pembeni alikaa kijana mmoja fundi wa kuchomelea, anarudi Dodoma. Alikuja Jumamosi mchana kuulizia kazi Chongoleani, akapata, ataanza mwezi ujao. Mji haukumfurahisha. Umelala mno, akasema, saa nane mchana alitafuta chakula mtaa mzima akakuta masufuria yameshaoshwa. Muheza tulinunua machungwa dirishani, nikamenya, nikamgawia, nikamweleza habari za Deep Sea na saa za mnada. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama huyo Bibi anapangisha chumba.

Nikamtajia namba ya barabara. Nyumba nikamwambia akaulize barazani, ila asubuhi.